Kuingia kwa mbali kwenye kompyuta ya zamani ya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya zamani yenye Linux, iwe dukani Kariakoo, karakana ya Gerezani au nyumbani Tandika, anayetaka kuiona skrini yake na kufanya kazi akiwa Kigamboni, Mwanza au nje ya nchi. Amri zote ni za Debian, Ubuntu na ndugu zao. Kwenye mifano, mtumiaji anaitwa karani na kompyuta ina anwani 192.168.1.50. Wewe weka za kwako.

Mashine yangu ni ya mtumba, yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2. Itaweza?

Itaweza. Kutuma picha ya skrini si kazi kubwa. Kinachoilemea mashine ya aina hiyo ni mazingira ya desktopu yanayowashwa juu yake. GNOME na KDE ziache. Ukiwa na GB 2 weka Xfce, ukiwa na GB 1 weka LXDE au IceWM. Kivinjari ndicho kinachomaliza RAM haraka kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo kurasa za wavuti zifungue kwenye kompyuta uliyoikalia, siyo kwenye ile ya mbali.

Zram nayo inasaidia sana. Weka kwa `sudo apt install zram-tools`, kisha ndani ya `/etc/default/zramswap` andika `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`. Mfumo utabana data ndani ya RAM yenyewe kabla ya kukimbilia diski, na diski ya zamani ni nzito mno kwa kazi hiyo.

Nitajuaje kama ni ya biti 32 au 64?

Andika `lscpu | grep op-mode`. Ikitaja 64-bit, mfumo wowote wa sasa utakubali. Ikitaja 32-bit peke yake, Debian 12 ndiyo ya mwisho unayoweza kuweka, kwa sababu Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Ubuntu ilishaacha zamani zaidi. Core 2 Duo ni ya biti 64, hata kama aliyekuuzia aliiwekea mfumo wa biti 32.

RDP, VNC na X2Go: nichukue ipi?

Zote tatu ni njia za kuona na kutumia skrini ya kompyuta ya mbali. Kwa kazi za kila siku chukua RDP kupitia programu ya xrdp. Windows tayari ina programu ya kuingilia, simu zina za bure, na mtandao dhaifu inauvumilia vizuri kuliko VNC ya kawaida. VNC, hasa x11vnc, ichukue pale unapotaka kuona skrini ile ile aliyokaa nayo mtu wa dukani, mkiwa mnaongea kwa simu na unamwelekeza. X2Go ni nzuri kwa laini nzito na inapita ndani ya SSH (njia salama ya kuingia kwa mbali kwa kuandika amri) yenyewe bila wewe kuhangaika, ila haina programu ya Android na haielewani na GNOME ya sasa. Kama unatumia kompyuta pande zote mbili na umeweka Xfce au LXDE, ijaribu kabla hujakata tamaa na mtandao wako.

Nianzie wapi?

SSH. Hata kama lengo lako ni kuona madirisha na kubofya, SSH ndiyo itakayokuokoa siku desktopu ikigoma, na ndiyo itakayobeba kila kitu kingine kwa usalama.

```
sudo apt update
sudo apt install openssh-server
hostname -I
```

Amri ya mwisho inakuonyesha anwani ya mashine. Ingia kwenye ruta na uifunge anwani hiyo kwa kompyuta hiyo, la sivyo siku ruta ikizimwa na kuwashwa itagawa anwani nyingine nawe utabaki unagonga mlango wa nyumba isiyo yako. Tumia waya badala ya Wi-Fi kama ruta haiko mbali. Waya wa Cat5e unafika mita 100.

Kisha tengeneza ufunguo, utakaotumika badala ya nenosiri, kwenye kompyuta unayotumia kuingilia:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id karani@192.168.1.50
```

Windows 10 na 11 zina SSH ndani yake lakini hazina ssh-copy-id. Kwenye PowerShell tumia hii:

```
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh karani@192.168.1.50 "mkdir -p .ssh && cat >> .ssh/authorized_keys"
```

Hakikisha folda `~/.ssh` ina ruhusa 700 na faili `authorized_keys` ina 600. Ruhusa zikiwa wazi kwa watu wengine, SSH inaukataa ufunguo na kurudi kuomba nenosiri bila kukueleza sababu. Ukishaingia kwa ufunguo, fungua `/etc/ssh/sshd_config`, weka `PasswordAuthentication no` na `PermitRootLogin no`, pima kwa `sudo sshd -t`, kisha `sudo systemctl restart ssh`. Dirisha ulilonalo usilifunge. Fungua la pili ujaribu kuingia. Likikubali, ndipo ufunge la kwanza.

SSH inasema "no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa". Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mfumo wa kompyuta ya mbali ni wa zamani kuliko wa kwako. Tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021, OpenSSH haikubali tena sahihi za ssh-rsa zinazotumia SHA-1. Ingia mara hii moja hivi:

```
ssh -o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -o PubkeyAcceptedAlgorithms=+ssh-rsa karani@192.168.1.50
```

Ikilalamikia `diffie-hellman-group1-sha1`, ongeza `-o KexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1`. Hii ni dawa ya kukuingiza ndani ili uhamishe mafaili na kuweka mfumo mpya. Mashine inayodai vitu hivyo haijapata marekebisho ya usalama kwa miaka mingi, na haifai kuonekana kwenye intaneti hata kwa saa moja.

Nionyesheni hatua za xrdp.

```
sudo apt install xrdp xorgxrdp xfce4
sudo adduser xrdp ssl-cert
echo startxfce4 > ~/.xsession
```

Mstari wa pili unaipa xrdp ruhusa ya kusoma cheti cha mashine. Mstari wa tatu unaiambia ifungue nini baada ya kupokea nenosiri, na uuandike ukiwa umeingia kama karani, siyo kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Sasa fungua `/etc/xrdp/xrdp.ini`. Kwenye sehemu ya `[Globals]` peke yake, badilisha `port=3389` (poti ni namba ya mlango wa huduma) iwe:

```
port=tcp://.:3389
```

Nukta hiyo ndogo ndiyo kinga yenyewe: xrdp itasikiliza ndani ya kompyuta tu, na hakuna atakayeifikia ila aliyepita kwenye SSH. Kwenye faili hiyo hiyo weka `max_bpp=16`. Washa upya kwa `sudo systemctl restart xrdp`, halafu hakiki kwa `sudo ss -tlnp | grep 3389`. Ukiona 127.0.0.1:3389 umefaulu. Ukiona 0.0.0.0 au nyota, hujahifadhi faili au umebadilisha sehemu nyingine.

Kwenye kompyuta uliyokaa nayo:

```
ssh -L 13389:127.0.0.1:3389 karani@192.168.1.50
```

Acha dirisha hilo wazi, fungua programu ya Remote Desktop Connection, na mahali pa anwani andika `127.0.0.1:13389`. Tumetumia 13389 kwa sababu Windows hukataa ukiiambia ijiunganishe na 3389 ya kwake yenyewe. Kwenye kisanduku cha kuingia chagua Xorg, andika jina na nenosiri la akaunti ya Linux. Kuzima manenosiri kwenye SSH hakugusi nenosiri hili.

Naandika nenosiri, skrini inakuwa nyeusi au dirisha linajifunga. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloongoza, na chanzo chake mara nyingi ni kimoja: mtumiaji huyo huyo ameshaingia kwenye skrini ya mashine yenyewe. Karani amewasha kompyuta asubuhi dukani, wewe unaingia kama karani kutoka mbali, na desktopu mbili za mtu mmoja zinagombania huduma zile zile za nyuma. Mwambie atoke kabisa, siyo kufunga skrini tu. Dawa ya kudumu ni kujitengenezea akaunti yako:

```
sudo adduser mbali
```

na kuandika `~/.xsession` ya akaunti hiyo.

Kama hakuna aliyeingia na bado ni nyeusi, fungua `/etc/xrdp/startwm.sh` na chini ya mstari wa kwanza ongeza:

```
unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
unset XDG_RUNTIME_DIR
```

Bado? Ingia kwa SSH uangalie `df -h`. Diski iliyojaa asilimia 100 hairuhusu desktopu kuandika hata faili moja dogo, na mashine ya zamani yenye diski ya GB 40 hujaa kimyakimya kwa kumbukumbu za mfumo na vifurushi vya apt. `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=100M` vitakurudishia nafasi. Kisha `ls -l ~/.Xauthority`. Ukikuta mwenye faili ni root, kuna mtu aliwahi kuandika `sudo startx`. Rudisha kwa `sudo chown karani:karani ~/.Xauthority`.

Yaliyobaki yatasemwa na `/var/log/xrdp-sesman.log` na `~/.xsession-errors`. Soma mistari ya mwisho ishirini kabla ya kufuta chochote na kuanza upya. Kuanza upya bila kusoma kunakurudisha kwenye kosa lile lile.

Nataka kuona hasa anachokiona karani, siyo desktopu nyingine.

Hapo ni x11vnc.

```
sudo apt install x11vnc
mkdir -p ~/.vnc
x11vnc -storepasswd ~/.vnc/passwd
x11vnc -display :0 -auth guess -localhost -rfbauth ~/.vnc/passwd -forever -shared
```

Neno `-localhost` usilisahau. Nenosiri la VNC ya kawaida linahesabu herufi 8 za kwanza tu, hata ukiandika 30, na picha pamoja na unachoandika hupita bila kusimbwa. Pitisha ndani ya SSH kwa `-L 5901:127.0.0.1:5900`, kisha programu ya VNC ielekeze 127.0.0.1:5901.

Mambo mawili huangusha x11vnc. La kwanza ni Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini ulioshika nafasi ya X11: Debian yenye GNOME huutumia tangu toleo la 10, na x11vnc inaelewa X11 peke yake. Chagua X11 kwenye kiduara cha mipangilio wakati wa kuingia, au weka `WaylandEnable=false` ndani ya `/etc/gdm3/daemon.conf`. La pili ni monita kutochomekwa. Kadi nyingi za picha zisipoona monita hutoa skrini ndogo sana au hazitoi kabisa. xrdp haina tatizo hilo maana inajitengenezea skrini yake.

Nikifungua tu poti 3389 au 5900 kwenye ruta si itakuwa rahisi?

Usifungue. Poti hizo zinachunguzwa na roboti za duniani kote usiku na mchana, na hazijali kama wewe ni benki au duka la vipuri. Zinajaribu manenosiri moja baada ya jingine mpaka moja likubali. Ikibidi kufungua kitu, fungua SSH peke yake, ikiwa na ufunguo na bila nenosiri. Kuihamisha kwenye namba nyingine ya poti kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu za mfumo, lakini si ulinzi.

Nikiwa ndani ya ofisi inakubali, nikitoka nje haikubali kabisa.

192.168.1.50 ni anwani ya ndani ya jengo, haijulikani nje. Na hapa Dar, ofisi na maduka mengi yanatumia ruta ya laini ya simu, ambako kuna kikwazo cha pili: kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kupima, fungua ukurasa wa ruta usome anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, kisha kwenye kompyuta andika `curl -4 ifconfig.me`. Zikitofautiana, au ile ya WAN ikianza na 10. au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia kitu. Hakuna anayeweza kubisha hodi kutoka nje. Mashine ya ndani lazima itoke yenyewe.

Njia ya kwanza ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, kisha kompyuta ya zamani iipigie na kushika mstari. Seva hii haihitaji nguvu. RAM ya MB 512 inatosha. Kwenye mfano huu seva ina anwani 203.0.113.10 na mtumiaji wake anaitwa lango. Kwenye kompyuta ya zamani tengeneza `/etc/systemd/system/njia.service`:

```
[Unit]
Description=Njia ya SSH kwenda seva
After=network-online.target
Wants=network-online.target

[Service]
User=karani
ExecStart=/usr/bin/ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -o ServerAliveCountMax=3 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 2222:localhost:22 lango@203.0.113.10
Restart=always
RestartSec=30

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Ufunguo wa karani kwenda seva uwe hauna nenosiri, maana hakuna mtu wa kuliandika umeme ukirudi saa tisa usiku. Kwa sababu hiyo ubane: kwenye `authorized_keys` ya seva, mbele ya ufunguo huo andika `restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2222"`. Ingia mara moja kwa mkono kwanza, ukiwa karani, ili kukubali utambulisho wa seva, halafu `sudo systemctl enable --now njia`.

Ukiwa popote:

```
ssh -J lango@203.0.113.10 -p 2222 -L 13389:127.0.0.1:3389 karani@localhost
```

Ukiona "remote port forwarding failed for listen port 2222", umeme au mtandao ulikatika ghafla na seva bado inaamini mstari wa zamani uko hai. Kwenye seva, ndani ya sshd_config, weka `ClientAliveInterval 30` na `ClientAliveCountMax 3`. Mstari mfu utaachiwa ndani ya dakika moja na nusu.

Njia ya pili ni VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti, kama WireGuard, ambayo imo ndani ya kernel (kiini cha Linux) tangu 5.6 ya mwaka 2020, au Tailscale inayojipangia kila kitu na kupenya anwani za pamoja bila seva yako. Ni rahisi kuanzisha. Ila kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka watu na taasisi zinazotumia VPN kutoa taarifa kwake, kwa hiyo ofisi inayochagua njia hii ikamilishe hilo mapema.

Inakula bando kiasi gani, na mbona wakati mwingine ni nzito hivi?

Skrini iliyotulia haitumi karibu kitu. Kinachokula ni mabadiliko. Skrini moja nzima ya 1920 kwa 1080 yenye rangi za biti 32 ni kama MB 8.3 kabla ya kubanwa. Ya 1024 kwa 768 yenye biti 16 ni MB 1.6. Tofauti ni zaidi ya mara tano, na kwa leja ya hesabu huoni pungufu lolote. Ukifanya kazi kwa wastani wa kilobiti 200 kwa sekunde, saa moja ni MB 90. Ukicheza video kwenye mashine ya mbali, hesabu hiyo isahau.

Ondoa picha ya nyuma, weka rangi moja. Kwenye Xfce zima vivuli na madoido:

```
xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false
```

Uzito wa aina ya pili hautokani na bando bali umbali. Unabonyeza herufi na inachelewa kuonekana hata kama mtandao una kasi. Ukikodi seva Ulaya, kila herufi kutoka Mbezi kwenda Kariakoo inavuka bahari kwenda na kurudi. Tafuta seva iliyo Afrika Mashariki au Afrika Kusini. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, aliyetegemea seva ya Ulaya kufikia mashine iliyo mtaa wa pili alikwama pia. Kwa biashara isiyoweza kusimama, kuwa na seva ndani ya nchi kama njia ya akiba ni matumizi ya haki.

Umeme ukikatika na kurudi, itawaka yenyewe?

Haitawaka mpaka uiambie. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijawaka, kwa kubonyeza F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, na tafuta kipengele kinachoitwa AC Recovery, After Power Loss au Restore on AC Power Loss. Weka Power On. Humo humo tafuta Halt On na uchague No Errors, la sivyo mashine isiyo na kibodi itasimama kwenye "Press F1 to continue" mpaka mtu afike.

Halafu kuna betri ya saa, CR2032, kidonge cha fedha kwenye ubao mkuu. Kwenye kompyuta ya miaka kumi na tano karibu hakika imekufa, na ikifa inaondoka na mipangilio yote ya BIOS. Yaani ile AC Recovery uliyoiweka jana inafutika pale pale umeme unapokatika, wakati unaihitaji. Dalili yake ni saa kurudi nyuma miaka mingi kila mashine ikichomolewa. apt nayo italalamika kwamba "Release file is not valid yet", na vyeti vya tovuti vitakataliwa. SSH ya ufunguo haijali saa, kwa hiyo bado utaingia.

Kuibadilisha: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki. Sukuma kikamatio kidogo cha chuma pembeni ya betri, itaruka juu. Ipime kwa mita: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.7 itupe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Ukiwa umefungua, puliza vumbi kwenye feni, na kama mashine ilikaa karibu na bahari, chomoa RAM na usugue miguu yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli. Chumvi ya hewani hujenga ukungu pale, na mashine inalia milio badala ya kuwaka. Funga, ingia BIOS, rekebisha saa, rudisha AC Recovery.

Upande wa Linux, ndani ya `/etc/default/grub` ongeza `fsck.repair=yes` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub`. Diski iliyokatwa katikati ya kuandika itajirekebisha badala ya kusubiri mtu ajibu ndiyo au hapana. Kwenye Ubuntu weka pia `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5`.

UPS ndogo inafaa, na ruta ichomeke hapo hapo. Umeme unaporudi huwa unawaka na kuzima mara mbili tatu kabla ya kutulia, na hicho ndicho kinachoua diski na pawa saplai.

Mwisho, ijaribu kweli. Izime kwenye soketi ya ukutani, subiri dakika moja, washa, usiguse kibodi. Zima Wi-Fi ya simu au kompyuta yako, tumia bando, uone kama unaingia. Usipofanya jaribio hili ukiwa karibu, utalifanya ukiwa mbali.

Inakaa vizuri asubuhi, jioni haipatikani mpaka mtu aguse kibodi.

Inalala.

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Kama ni laptop na unataka ifanye kazi ikiwa imefungwa, weka `HandleLidSwitch=ignore` ndani ya `/etc/systemd/logind.conf` na uwashe mashine upya. Usiiweke ndani ya droo. Joto la Dar linaitosha ikiwa nje.

Naweza kutumia simu?

Ndiyo. Kwa Android, bVNC inaweza kupita ndani ya SSH yenyewe. Kwa RDP, fungua SSH kwanza kwenye Termux kwa amri ile ile ya `-L`, kisha programu ya RDP uielekeze 127.0.0.1:13389. Ila kwa kazi ndogo, kama kuangalia diski au kuwasha huduma, SSH tupu kwenye simu ni nyepesi na inatosha.

"Connection refused" na "Connection timed out" zina tofauti gani?

Kubwa. Refused maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna huduma kwenye poti hiyo: xrdp imezimika, au namba ni nyingine. Timed out maana yake hukufika au fayawoli imekunyamazia: mashine imezimwa, anwani imebadilika, bando la ruta limeisha. Likiwa la kwanza, ingia kwa SSH uangalie `systemctl status xrdp`. Likiwa la pili, mpigie simu mtu wa dukani kwanza umuulize kama taa ya ruta inawaka.

Nimepata onyo kubwa, "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED".

Kama umeweka mfumo upya au ruta imempa mwingine anwani ile, ni kawaida: `ssh-keygen -R 192.168.1.50` na uingie tena. Kama hujagusa kitu, simama. Uliza kwanza kuna nini kimebadilika upande wa pili kabla ya kuandika nenosiri lolote.

Nikimaliza kazi nizime mashine au nifunge dirisha?

Ukifunga dirisha, programu zote zinabaki wazi na ukirudi unakuta kazi ilipoishia. Ni nzuri mtandao ukikatika katikati. Lakini kwenye GB 2 zinaendelea kukalia RAM, kwa hiyo ukimaliza siku, toka kabisa kwa Log Out ndani ya Xfce.

Kuzima ni jambo jingine. `sudo poweroff` ikipita, AC Recovery haitaiwasha mashine kwa sababu umeme haukukatika, na SSH haina wa kumjibu. Utahitaji mtu wa kubonyeza kitufe. Unapotaka kuwasha upya, andika `sudo reboot`, na kabla ya Enter soma jina lililo mwanzoni mwa mstari, maana ukiwa na madirisha matatu ya SSH wazi ni rahisi kuzima seva ukidhani unazima kompyuta ya duka.